Polisemia: kwa nini "line" ya Kiingereza haina jibu moja kwa Kituruki

Jioni moja kijana wa jirani yangu, hapa Ipagala, alibisha hodi akiwa na daftari mkononi. Anafanya kazi kwenye karakana moja ambako mafundi wakuu ni Waturuki, vibarua ni watu wa Dodoma, Singida na Morogoro, na karatasi zinazotoka ofisini zimeandikwa kwa Kiingereza. Tangu reli ya kisasa ianze kujengwa huku kwetu, kipande cha Morogoro hadi Makutupora kikiwa mikononi mwa kampuni ya Yapı Merkezi ya Uturuki, Kituruki cha kazini kimeingia midomoni mwa vijana wengi. Huyu ameamua kukisoma hasa. Baada ya shikamoo akauliza moja kwa moja: "Mwalimu, 'line' kwa Kituruki ni nini?"

Nikamwambia siwezi kumjibu mpaka anisomee sentensi nzima.

"Do not cross the line," akasoma. "Ni ya kibao."

Hata sentensi nzima haikutosha, na nitarudi hapo. Kwanza tuiweke sawa dhana yenyewe, maana ndiyo inayowakwamisha wengi.

Polisemia ni hali ya neno moja kuwa na maana kadhaa ambazo zina undugu. Neno letu "mbuzi" ni mfano mzuri: ni mnyama, na pia ni kile kifaa cha kukunia nazi. Ukikitazama kifaa hicho unaona miguu, unaona shingo iliyonyooshwa mbele, unaelewa jina limetoka wapi. Maana ya pili imezaliwa na ya kwanza.

Polisemia si homonimia. Katika homonimia, maneno mawili yasiyo na undugu wowote yamekutana kwenye umbo moja. Chukua "laini". Ngozi laini, unga laini: hilo limetoka Kiarabu. Laini ya simu, ile tunayoisajili kwa alama za vidole: hiyo imetoka Kiingereza, ni "line" hii hii tunayoizungumzia. Yanatamkwa sawa na kuandikwa sawa, lakini ni wageni wawili waliofikia nyumba moja. Waturuki nao wanalo la namna hiyo, "yüz": ni uso, ni mia, na ni amri ya kumwambia mtu aogelee.

Tofauti hii ina kazi kwa mfasiri. Homonimia haimsumbui sana, kwa sababu hakuna anayechanganya uso na mia. Polisemia ndiyo inayotega, kwa kuwa maana zake zimekaa karibu karibu na zote zinaonekana kufaa.

Sasa "line". Asili yake ni neno la Kilatini "linea", yaani uzi wa kitani. Hapo ndipo penye mzizi, na ukiushika mzizi huo matawi yote yanaeleweka. Fundi akitaka kunyoosha ukuta huvuta uzi, basi alama iliyonyooka ikaitwa "line". Maandishi hunyooka ukurasani, kila safu ikaitwa "line". Watu wakisimama mmoja nyuma ya mwingine, "line". Reli iliyolala kutoka mji hadi mji, waya wa simu, waya wa umeme, uzi wa mvuvi, kamba ya kuanikia nguo, yote "line". Hata fundi cherehani anayetia bitana kwenye koti anatumia kitenzi "line", kwa sababu bitana ya zamani ilikuwa kitambaa cha kitani. Mwingereza wa leo haufikirii uzi huo hata kidogo, lakini bado umeyafunga maneno yake.

Waturuki hawakuwa na uzi huo. Kila tawi walilipa jina lake kutoka mahali pake, ndiyo maana "line" inapofika Kituruki inapasuka vipande.

Alama iliyochorwa ni "çizgi", kutoka kitenzi "çizmek", kuchora. Chaki ya uwanja wa mpira, mkunjo mwembamba pembeni ya jicho, rangi ya njano kwenye ukingo wa jukwaa la stesheni, vyote ni çizgi. Safu ya maandishi ukurasani ni "satır", la Kiarabu, kutoka mzizi uliotupa sisi "mstari". Foleni ni "sıra", au "kuyruk" ambalo maana yake ya kwanza ni mkia. Foleni ya tiketi ni mkia wa tiketi! Uzi wa mvuvi ni "misina". Kamba ya nguo ni "çamaşır ipi", na "ip" ni kamba tu. Bitana ni "astar". Maneno ya mwigizaji jukwaani ni "replik", waliyoyachukua Ufaransa. Na mtu akikuuliza "what is your line of business", Mturuki atasema "iş kolu", ambapo "kol" ni mkono: tawi la kazi, si mstari wowote.

Limebaki "hat", na hili linataka tulikalie kidogo, kwa sababu ndilo wafanyakazi wa huku wanalolisikia zaidi. "Hat" ni njia inayounganisha mahali na mahali: reli, waya wa umeme mkubwa, simu, hata mpangilio wa mashine kiwandani. Tunachokiita Reli ya Kati, Waingereza wakakiita Central Line, kwa Kituruki kinaingia kwenye "hat". Laini ya simu nayo ni hat. Ukisema "hat aldım" umesema nimechukua laini, vile vile kama tunavyosema kwenye vibanda vya wakala pale Sabasaba. Hapa Kiswahili na Kituruki vimekutana bila kuagana.

Lakini sikio la Dodoma likisikia "hat" linakimbilia "hati", na huku hati ni jambo zito, kila mtu anafuatilia hati ya kiwanja chake. Maneno hayo mawili ni ndugu kweli, yote yametoka kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya mstari na mwandiko. Sisi tukashika upande wa mwandiko, ukaishia kuwa karatasi rasmi. Waturuki wakashika upande wa mstari, ingawa sanaa ya kuandika kwa kalamu ya Kiarabu bado wanaiita "hat". Hati ya kiwanja kwao ni "tapu". Undugu wa maneno hautoi ruhusa ya kuyabadilishana.

Tawi ninalolipenda kuliko yote ni la ushairi. "Line" ya shairi, sisi tunaiita mshororo. Waturuki walikuwa na "mısra", la Kiarabu. Mwaka 1928 waliacha herufi za Kiarabu wakaingia za Kilatini, na mwaka 1932 kikaundwa chombo cha lugha kilichohimiza maneno yenye mizizi ya Kituruki. Ndipo likaenea "dize", kutoka "dizmek", kupanga vitu kwa safu, kama mtu anavyopanga shanga kwenye uzi. Sasa jiulize Kiswahili kinasemaje juu ya shanga: zinatungwa. Na shairi? Linatungwa. Mtu wa Makunduchi, Unguja, anayetunga maua ya asumini na malenga anayetunga beti wanafanya tendo moja kwa lugha yetu, na Mturuki akafika hapo hapo kwa njia yake. Kila nikilieleza hili nafurahi upya.

Nilimshauri yule kijana asianze na kamusi ya Kiingereza na Kituruki. Aanze na Kiswahili chake. Akipata "line", ajiulize: kwetu hapa ningesema nini? Foleni? Laini? Reli? Mstari? Mshipi wa kuvulia? Bitana? Lugha yetu imeshafanya sehemu kubwa ya kuchambua, na nusu ya kazi inakwisha kabla hajagusa neno la Kituruki. Wapo wanaodhani Kiswahili ni mzigo kwa anayetoka lugha moja ya kigeni kwenda nyingine. Mimi nakiona kuwa chekeche.

Chekeche lenyewe lina matundu, na lazima ujue yalipo. "Mstari" wetu unabeba uliochorwa na ulioandikwa, Mturuki anavitenga: çizgi na satır. Ukimwambia fundi afute satır ya tatu, atatafuta maandishi. Ukimwambia çizgi ya tatu, atatafuta mchoro. Kwenye karatasi ya ramani yenye vyote viwili, kosa hilo linaharibu kazi ya siku nzima.

Polisemia haiko Kiingereza peke yake. Kijana alinieleza kwamba siku zake za mwanzo alisikia mafundi wakiitana kuhusu "makas", akafikiri wanatafuta mkasi. Hakukosea sana, makas ni mkasi, neno la Kiarabu lile lile. Ila kwenye reli, makas ni pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili na vipande vya chuma vinasogea kumwelekeza treni kushoto au kulia. Vitazame, vimekaa kama meno ya mkasi. Wamarekani huita kitu hicho "switch", na "switch" hiyo hiyo ukutani nyumbani ni swichi ya taa, ambayo kwa Kituruki ni "anahtar", ambalo pia ni ufunguo. "Sıra" niliyoitaja juu nayo ni foleni, ni zamu, ni dawati la mwanafunzi. Kila lugha imefunga furushi lake, na fundo haziko mahali pamoja.

Ndiyo maana programu za simu zinateleza ukizipa neno moja tu. Zitakupa maana inayotumika zaidi, na maana inayotumika zaidi si lazima iwe yako. Ukizipa sentensi nzima zinafanya vizuri zaidi, kwa sababu majirani wa neno ndio wanaolitambulisha: penye kuchora patakuwa na çizgi, penye kusubiri patakuwa na sıra. Wafasiri huuita ujirani huo muktadha. Mara nyingi muktadha umo ndani ya sentensi. Mara nyingine uko nje kabisa, na hapo simu haiwezi kukufikisha.

Turudi kwenye kibao. "Do not cross the line" ina maana tatu zilizo hai. Kwenye jukwaa la stesheni inamkataza abiria asivuke alama ya njano: "Sarı çizgiyi geçmeyiniz." Kando ya reli inamkataza mtu asikatize reli. Kwenye ugomvi wa watu inamwambia mwenzako asivuke mipaka, na Mturuki hapo hahitaji mstari wala reli, ana "haddini aşmak", kupita mpaka wako. Sentensi ni moja, herufi ni zile zile.

"Kibao kitawekwa wapi?" nikamuuliza.

Hakujua. Aliletewa karatasi tu, na aliyemletea alitaka majibu kesho yake asubuhi. Nikamwomba awahi kazini, akaangalie mahali penyewe kabla ya kuandika chochote.

Kesho yake jioni alipita akiwa bado na vumbi la kazi. Hakuna jukwaa pale, wala alama ya njano. Kuna njia ya miguu ambayo watu hukatiza nayo kuelekea kwenye vibanda vya chakula, na reli mbili za kuegesha mabehewa. Tukakaa naye. "Hat" ingeweza kueleweka kwa watu wa reli, lakini kibao kinasomwa pia na dereva wa lori aliyeleta kokoto, kwa hiyo tukachagua "ray", chuma chenyewe kinachoonekana kwa macho. Juu akaandika kwa Kiswahili: Usivuke reli. Chini yake: Raylardan geçmek yasaktır.