Kalibresheni Haifufui Poti Iliyokufa

Hivi karibuni, usiku, nilitumiwa video ya sekunde kumi na mbili kutoka kwenye simyuleta, mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege. Cessna 172, ndege ndogo, iko fainali, yaani hatua ya mwisho kabla ya kutua, kuingia Zanzibar, anga safi, upepo hakuna. Ghafla bawa la kulia linashuka kama limepigwa kofi, linarudi, linashuka tena. Chini yake ujumbe: “Fundi, nimekalibreti joistiki mara sita bado tu. Au ni simyuleta?”

Mara sita. Sijui ya saba alitegemea ije na nini ambacho zile sita hazikuwa nacho.

Jamani, tulimalize hili. Joistiki kazi yake ni kupima umesukuma kijiti kiasi gani na kuipa kompyuta namba. Chukua joistiki ya biti 10: namba zake ni kuanzia 0 hadi 1023. Ukikalibreti unaiambia kompyuta kwamba ikiona 80 ijue nimefika kushoto kabisa, 510 ni katikati, 940 ni kulia kabisa. Hiyo ni tafsiri tu, namba zenyewe hujazigusa. Msemaji akiwa anapayuka, kubadilisha mkalimani hakumponyi.

Tena unaweza kumzidishia ugonjwa, na hapa ndipo huwa napandwa na presha. Wakati unakalibreti unazungusha kijiti kila upande, kompyuta inaandika namba ya chini kabisa na ya juu kabisa iliyoiona. Sasa poti yako mbovu, kile kipande cha ndani kinachopima kijiti, ikiruka mara moja tu, kwa kufumba na kufumbua, ikafika 1023, kompyuta inaandika kwamba kulia kabisa ni 1023. Kijiti chako kwa kawaida hakivuki 940. Piga hesabu: kutoka 510 hadi 940 ni hatua 430, kompyuta inasubiri 513. Kuanzia hapo ukilaza kijiti chote kulia, ndege inapata kama asilimia 84 tu ya ulichoomba, na kuruka bado kupo. Ulikuwa na tatizo moja, umejitengenezea la pili. Halafu unakalibreti tena.

Wa pili kwa kunichosha ni wa dedizoni. “Fundi niliongeza dedizoni ikatulia.” Imetulia wapi? Katikati! Dedizoni inaiambia simyuleta ipuuze mtikisiko mdogo wa kijiti kikiwa kimesimama katikati. Kwa kijiti kinachotetema kidogo pale pale, asilimia tatu au tano haina ubaya, hata mimi ninayo. Lakini namba ikiruka hadi robo tatu ya safari, dedizoni ya asilimia 15 inaitazama tu ikipita. Na unapotaka kutua, ukaanza kuinua pua kabla magurudumu hayajagusa, mkono wako umeshavuta kijiti nyuma, uko nje ya dedizoni kabisa. Kwenye mabawa nako, unakohitaji visahihisho vidogo vidogo, dedizoni imevimeza. Unasukuma, hakuna kitu, unasukuma zaidi, ndege inaruka, unarudisha, inapitiliza upande wa pili. Mtu anasema sijui kutua. Kaka, unajua, ila umejifunga mikono mwenyewe.

Mnaikumbuka redio ya mzee nyumbani, ile ukigusa volyumu inakwaruza *kruu kruu*, halafu kuna sehemu ukifika sauti inakatika kabisa, ukisogeza kidogo inarudi? Poti ya joistiki ndiyo hiyo hiyo, ambayo mafundi redio wanaiita volyumu. Ndani kuna njia ya kaboni na kidole cha chuma kinachoteleza juu yake. Kidole kikipita mahali kaboni imelika, mguso unakatika na namba inakimbilia popote. Redio haikutengemaa kwa kubadilisha stesheni, sivyo?

Na kaboni hailiki sawasawa. Rubani anakaa karibu na katikati muda mwingi, anachezacheza pale, kwa hiyo pale ndipo njia inapochimbika kwanza.

Namna ya kuhakikisha: Windows na R, andika joy.cpl, ingia kwenye kalibresheni ya kifaa chako, weka tiki kwenye kuonyesha data ghafi, halafu usikalibreti, angalia tu. Wa Linux mna jstest. Sukuma kijiti polepole sana, kama unamimina chai kwenye kikombe kilichojaa, toka ukingo hadi ukingo. Ikiruka mahali pale pale kila ukipita, ni njia ya kaboni. Ikiruka bila kugusa kijiti lakini ukichezea waya pale unapoingilia kwenye kitako, ni waya umekatikia ndani ya plastiki. Pande zote (kushoto-kulia na mbele-nyuma) zikiruka pamoja, acha poti: angalia umeme, waya wa ardhi wa saketi, au toa kigawanyio cha USB uchomeke moja kwa moja kwenye kompyuta. Namba ikiwa haichezi ila kijiti kinarudi 495 ukikiachia kutoka kushoto na 530 ukikiachia kutoka kulia, hiyo ni springi au bawaba zimelegea. Hakuna poti itakayokusaidia.

Mita ya dijitali hainisaidii sana kwenye kazi hii. Inaonyesha namba mara chache kwa sekunde, mkatiko mfupi inauruka. Natumia mita ya mshale ya zamani. Kidole kikipita kwenye shimo, mshale unashtuka na unauona.

Wapo wanaoniambia joistiki yao ni ya sensa ya Hall, inayopima kwa sumaku, haisuguani, kwa hiyo haiwezi kuruka. Nusu ya kweli. Chukua T.16000M ya Thrustmaster: mbele-nyuma na kushoto-kulia ni Hall kweli, lakini kuzungusha kijiti kwa ajili ya usukani wa mkia, na ile slaida ya nguvu ya injini, ni poti za kawaida. Soma vizuri ulichonunua.

Kusafisha. WD-40 ya kopo la kawaida, ile ya kupuliza, si dawa ya poti. Kazi yake ya asili ni kufukuza maji, na inaacha mafuta, mafuta yanashika vumbi, na vumbi la Dar unalijua. Tumia dawa ya kusafishia kontakti isiyoacha mafuta, tone dogo, zungusha poti mara hamsini, acha ikauke. Usiimwage ovyo: ikifika kwenye bawaba itaondoa grisi, na kijiti kitaanza kunatanata. Ila niwe mkweli: nimeona watu wamepuliza WD-40 na wakaruka miezi bila shida. Na nimesafisha poti mbili kwa dawa ile ile siku ile ile, moja ikadumu miaka, nyingine ikarudi mezani kwangu baada ya wiki. Kwa hiyo usafi siutolei garantii. Kaboni ikishalika, unachosafisha ni shimo.

Kubadilisha poti ni kazi ya bisibisi na kupiga risasi (ya kulehemu, msiogope), lakini dukani uwe macho. Ukisema “nipe volyumu ya kilo kumi” (kiloomu 10) unaweza kupewa A10K. Hiyo ni ya sauti, haipandi sawasawa kwa sababu imetengenezwa kwa ajili ya sikio. Ukiifunga, kijiti kitakuwa kizito wa kusikia upande mmoja na kichaa upande wa pili. Unataka B10K, inayopanda sawasawa, kama ya zamani ilikuwa kilo kumi. Ipime ya zamani kwanza, zote si sawa. Angalia na umbo la shafti yake, yenye ubapa au ya duara. Ukishaifunga mpya, sasa ndiyo ukalibreti. Mara moja.

Tukirudi kwa bwana wa mara sita. Aliniletea, nikafungua, nikaona poti ya kushoto-kulia imechoka kweli, nikaibadilisha. Hapa mezani, mstari umenyooka kama reli. Akaenda nayo. Usiku simu: “Fundi, bawa linashuka.”

Nilikwenda kwake Jumamosi. Nyuma ya televisheni, chini ya kitambaa, kulikuwa na gemupadi ya mtoto imechomekwa kwenye kompyuta ile ile, gamba lake limelala kwenye ukingo wa rafu na kijiti kimoja kimebanwa kidogo. Simyuleta ilikuwa imezipa zote mbili, joistiki na gemupadi, kazi ya kuendesha mabawa. Sikuwa nimemuuliza swali la kwanza kabisa ambalo fundi anapaswa kuuliza: nini kingine kimechomekwa?

Poti ilikuwa mbovu, hilo bado nalisimamia. Lakini nikitazama ile video upya, sijui bawa linashuka mara ngapi kwa sababu ya poti na mara ngapi kwa sababu ya mtoto. Nilichomoa gemupadi, tukaruka kutoka Dar hadi Zanzibar mara mbili, na mara zote mbili alitua vibaya, safari hii kwa makosa yake mwenyewe.