Kabla hujamuuliza diwani "umetuletea nini"

Tangu mikopo ya vikundi inayotokana na asilimia kumi ya mapato ya halmashauri irejee mwaka 2024, baada ya kusitishwa Aprili 2023, sisi wakaguzi wa ndani mkoani Dodoma tunasikia lawama ile ile vijijini: viongozi hawasemi kweli. Huenda ikawa hivyo. Lakini tazama wanachoulizwa. Kiongozi akiulizwa "umetuletea nini?" anaweza kuhutubia nusu saa bila kutaja hata shilingi moja.

Swali linalombana kiongozi ni lile ambalo jibu lake limeshaandikwa mahali. Chukua mikopo yenyewe. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa inaitaka halmashauri itenge asilimia kumi ya mapato yake ya ndani, ukiondoa mapato lindwa, yaani yale yaliyokwisha kupangiwa matumizi maalumu: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Basi muulize diwani wako: mwaka wa fedha uliopita tulikusanya kiasi gani? Zilizotoka kwa mikopo ni ngapi? Vikundi vipi vya kata yetu vilipata, na vipi vimerejesha? Hapo kwenye marejesho ndipo wengi hukwepa, kwa sababu kikundi kinachodaiwa kimejaa wapiga kura. Fedha hizi si zawadi ya uchaguzi, na inasikitisha kwamba bado tunalazimika kulirudia hilo kila mkutano. Kikundi kimoja kisiporejesha, kingine kinakosa.

Kwa mbunge, ulizia Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati yake, ingawa fedha hupitia halmashauri. Omba orodha ya miradi iliyoibuliwa na vijiji na ile iliyopewa fedha, uzilinganishe. Ukitumia nafasi hiyo kumuomba ada ya mtoto au mchango wa msiba, umemwondolea kazi ya kujibu.

Barabara za vijijini ziko kwa wakala wa barabara, TARURA, tangu 2017 na maji vijijini yako kwa wakala wa maji, RUWASA, tangu 2019, kwa hiyo diwani akisema kisima hakiko chini yake, hajakudanganya. Muulize alilisemea lini kwenye Baraza la Madiwani. Muhtasari upo, na vikao vya baraza viko wazi kwa wananchi.

Jibu lisipopatikana mkutanoni, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inakupa njia. Andika barua kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, weka jina na anwani yako, taja taarifa unayoitaka na mwaka wake wa fedha. Usiandike "taarifa zote za kata". Barua ya namna hiyo haijibiki. Anatakiwa akujibu ndani ya siku 30, na akikataa atoe sababu. Hifadhi nakala yenye muhuri wa mapokezi. Mtu akikudai "chai" ili jina la kikundi lipite, piga 113 kwa TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, simu ni bure. Usitoe kwanza ndipo ulalamike, maana sheria ya rushwa inamshika anayepokea na anayetoa.

Kiongozi akijibu "tunalifanyia kazi", mwombe mtendaji wa kijiji aandike swali na jibu hilo kwenye muhtasari, pamoja na tarehe. Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na muhtasari uliopita husomwa kabla ya ajenda nyingine.