Mkono unaokufa ganzi: hatukati neva

"Daktari, nimeambiwa mkikata mshipa, mkono unakufa." Nimeisikia tena wiki hii hapa Moshi, safari hii kutoka kwa mama fundi cherehani ambaye kwa miaka 3 analala ameuning'iniza mkono nje ya kitanda. Jirani ndiye aliyemwambia. Nimechoka kupokea watu waliocheleweshwa na jirani.

Kosa linaanzia kwenye neno. Kwetu mshipa wa damu ni mshipa, neva inayobeba hisia ni mshipa, kano ni mshipa, hata ngiri ni mshipa. Tukisema "tutakata", mgonjwa anasikia neva inakatwa. Haikatwi! Neva ya kati inapita kwenye handaki jembamba la kifundo cha mkono, imebanana na kano 9 za kukunja vidole. Chini na pembeni ni mifupa, juu ni utepe mgumu. Nafasi ikipungua, neva ndiyo inayosagika. Tunachokata ni ule utepe wa juu, basi. Baadaye unajiunga wenyewe kwa kovu, ila umelegea, na neva inabaki na nafasi yake.

Kinachoua mkono ni kusubiri. Ganzi ya usiku inayoondoka ukikung'uta mkono bado tunaweza kuituliza bila kisu: vaa kifaa cha kunyoosha kifundo kila unapolala, wiki 6 hivi, au uchomwe sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe. Nasisitiza usiku, kwa sababu usingizini mtu hukunja kifundo bila kujua. Lakini ganzi ikishashinda na wewe mchana kutwa, na mnofu wa chini ya kidole gumba umebonyea, usiniombe dawa ya kuchua. Yule mama hawezi tena kutunga uzi kwenye sindano. Upasuaji una nafasi nzuri ya kumrudishia usingizi. Mnofu uliokwisha siwezi kumwahidi. Ingekuwa mwaka wa kwanza, tungezungumza mengine.

"Nitapigwa nusu kaputi." Mara nyingi sivyo. Dawa ya ganzi inachomwa hapo hapo mkononi, kazi yenyewe ni kama robo saa, unaongea nami, na jioni uko kwako.

"Upasuaji wa kamera ndio unaponya." Kidonda chake ni kidogo na wengine hurudi kazini mapema kidogo, ila miezi ikipita, mkono wa kamera na mkono wa kisu cha kawaida inakuwa sawa. Usiuze ng'ombe kwa ajili ya kamera.

"Ni cherehani tu." Kazi inachangia, lakini pima sukari na tezi ya shingo kwanza. Mjamzito namsihi avumilie na kifaa chake, kwa kuwa wengi hupata nafuu baada ya kujifungua.

"Nimeanza kupooza." Angalia kidole cha mwisho: hicho kina neva nyingine, hivyo handaki likibana, chenyewe hubaki salama. Nacho kikifa ganzi, nitatafuta tatizo kwingine.

Na huyu anayerudi baada ya mwezi akilia kwamba upasuaji umeshindikana kwa sababu kiganja kinauma akikiegemea: maumivu hayo ni ya kawaida, yanaweza kukaa hata miezi 3, na nguvu ya kushika nayo hurudi taratibu. Vidole vichezeshe siku ile ile, nyuzi zitoke siku ya 10 hadi 14. Kukamua ng'ombe na kukamua nguo mwachie mwingine kwa wiki 6.