Kidonda cha jua hakipoi kwa unga wa kapsuli: maswali ya kliniki ya ngozi

Naandika hii juu nimechoka kufungua hanky na kupata kitu kilichokaa mwaka mzima. Mtu anakuja kliniki hapa Nairobi na kidonda kwa sikio au kwa mdomo wa chini, kina gaga, kinatoa damu kidogo akioga, ukimuuliza kimeanza lini anaangalia chini. Wengi ni watu wenye ualbino, wenye kazi zao ni za nje, mjengo, kuuza nguo, kuuza mboga. Maswali ni yale yale kwa hivyo wacha niyajibu mara moja.

Jua linafanya nini kwa ngozi mpaka lilete saratani?

Linaharibu DNA. DNA ni maagizo ya kazi yote ya seli, ni nyuzi mbili zimesokotana, zimeandikwa kwa herufi nne tu: A, T, G na C. A inakaa mkabala na T, G mkabala na C, na ukiinyoosha ya seli moja inafika kama mita 2. Sasa miale ya UV, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ikipiga mahali T mbili zimefuatana kwa uzi mmoja, zinagandana zenyewe kwa zenyewe. Uzi unapinda pale. Seli ikitaka kujinakili inafika hapo inakwama, ama inaandika herufi isiyofaa.

Kwani mwili haujitengenezi?

Unajitengeneza, tena kila saa, hata saa hii unaposoma. Kuna protini zinazopita zikikagua, zikipata mahali pamepinda zinafungua nyuzi, zinakata huku na huku, zinatoa kipande cha herufi kama 30 hivi, halafu kimeng'enya, yaani protini ya kufanya kazi kama hii, kinajaza pengo kikifuata uzi wa pili ambao bado ni mzima. Ni kama fundi wa nguo soko la Gikomba, anakata pale palipoungua, anaangalia upande mwingine maua yalikuwa yamepangwaje, anashona kiraka kinachofanana. Mwanasayansi Aziz Sancar ndiye alieleza hatua za kazi hii ya kukata na kujaza, akapata Nobel ya kemia 2015 pamoja na Tomas Lindahl na Paul Modrich.

Lakini inachukua muda jamani! Zile T zilizogandana, saa 24 baadaye unaweza kukuta karibu nusu bado ziko, na wewe asubuhi uko juani tena. Seli ikigawanyika kabla hazijatolewa na herufi isiyofaa iandikwe, raundi inayofuata nyuzi zote mbili zinakubaliana na kosa, hakuna tena wa kujua hilo ni kosa. Kosa likiangukia jeni (kipande cha DNA chenye agizo moja) inayoitwa p53, ambayo kazi yake ni kusimamisha seli iliyoharibika ama kuiua, hiyo seli inaanza kuongezeka bila breki.

Kwa nini watu wenye ualbino zaidi?

Mafundi wao wa DNA wako sawa kabisa. Wanachokosa ni melanini, ile rangi inayojipanga juu ya kiini cha seli na kumeza miale kabla haijafika ndani. Kazi inakuwa nyingi kuliko mafundi.

Lakini Nairobi ni baridi, Julai hata jua hatulioni.

Joto sio UV. Tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari na karibu sana na ikweta, mawingu yanapunguza tu. Paka losheni hata Julai.

Daktari, nimesikia kidonda cha saratani kikiguswa na kisu kinasambaa.

Hapana.

Nasema tena, hapana. Hii ndio inatuumiza watu wetu kuliko jua lenyewe. Mtu anakaa nyumbani miezi mingi akiogopa kisu, akija kimeshaingia kwa tezi za shingo, anafanyiwa upasuaji amechelewa, akifariki kijiji chote kinasema ni kisu. Sio kisu, ni ile miezi! Biopsi ni kuchomwa ganzi na kutolewa kipande kidogo kipelekwe maabara, basi. Kidonda kikiwa kidogo kama punje ya mahindi mara nyingi kinatolewa chote na ngozi kidogo ya pembeni, unashonwa, unaenda nyumbani siku hiyo. Ukingoja, tunaongea kuhusu sikio zima na mionzi. Kisu hakisambazi, kungoja ndio kunasambaza.

Lakini hakiumi.

Mwanzoni hakiumi! Usingoje kiume. Kikimaliza wiki nne hakijapona, njoo, kiwe kinauma kisiwe kinauma.

Nimekuwa nikimwagia unga wa kapsuli na shubiri, kimeanza kukauka.

Kimekauka juu. Chini kinaendelea kula. Dawa ya bakteria haitengenezi DNA, na huo unga unanipa kazi ya kuosha kabla hata sijaona kidonda. Tafadhali, wachaneni na hiyo kitu.

Losheni gani?

SPF 30 kwenda juu (SPF ni kipimo cha kukinga jua, kimeandikwa kwa chupa), paka kabla ya kutoka, rudia kila saa mbili ukiwa nje, na usisahau masikio, shingo nyuma na midomo. Mafuta ya mgando hayazuii UV. Wenye ualbino wanapewa losheni bure kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, jiandikishe, na usiiweke ya Jumapili. Kofia iwe ya ukingo mpana, hizi kepu mnapenda zinaacha masikio nje na vidonda vinaanzia hapo hapo.

Mimi ni mweusi, hii inanihusu?

Kidogo kwa upande wa jua, lakini angalia kovu la zamani la moto likifunguka tena, na doa jeusi linalokua kwa nyayo au chini ya kucha. Na wewe unayejichubua, hiyo melanini unayoitoa ndio ilikuwa inakulinda.

Nikishakatwa kipande, nafanya nini?

Unarudi kuchukua majibu. Nina faili hapa za watu waliopimwa wakapotea, simu imezimwa, halafu anarudi baadaye na kidonda mara tatu ya kile cha kwanza akisema alidhani tungempigia.