Si jinamizi lililokukaba, huenda ni asidi ya tumbo

Mtu anashtuka saa nane za usiku, ameketi kitandani, mikono shingoni, pumzi haiingii na koo linatoa mlio mkali kama filimbi. Asubuhi anaambiwa: umekabwa na jinamizi. Wengine humpa dawa ya pumu.

Tutazame kilichotokea. Ukilala chali ukiwa umeshiba, asidi hupanda kwenye umio hadi kooni. Tone dogo tu likigusa zoloto, yaani kisanduku cha sauti kooni, nyuzi za sauti hujibana ghafla ili kulinda mapafu. Mara nyingi hubana kwa sekunde kadhaa, pengine dakika moja, kisha huachia zenyewe. Inatisha mno, naelewa kabisa. Wala usiseme "mimi sina kiungulia": wengi hawasikii moto kifuani, wana kikohozi, sauti ya kukwaruza na uchungu mdomoni wakiamka.

Anayeitwa amekabwa na jinamizi kwa kawaida hawezi hata kuinua kidole, lakini anaendelea kupumua. Huyu wetu anaruka kitandani.

Kula angalau saa tatu kabla ya kulala. Lalia ubavu wa kushoto. Inua miguu ya kitanda upande wa kichwa kwa matofali, sentimita 15 hadi 20; mito mingi hukunja tumbo na kuongeza shinikizo.

Ukikoroma sana, pumzi ikikatika usingizini na mchana ukisinzia ovyo, huo ni ugonjwa mwingine. Muone daktari mapema, na umweleze usiku wako wote ulivyokuwa.