Makengeza ukubwani: ninayoambiwa Kadutu, na ukweli wake

Nikiuliza swali darasani, mara nyingi wanafunzi wawili husimama pamoja. Mmoja ndiye ninayemtazama. Mwingine ameliona jicho langu la kushoto, lililogeukia puani tangu nikiwa na miaka 3, akadhani namwita yeye. Sasa nina miaka 36. Tangu niseme nyumbani hapa Kadutu, mjini Bukavu, kwamba nafikiria operesheni, kila mtu ana neno lake. Wananipenda, lakini mengi wanayosema si kweli.

"Umechelewa, hiyo ni ya watoto." Hili niliamini hata mimi, miaka mingi. Lina chanzo chake: jicho likipinda utotoni, ubongo huacha kulitumia, na uwezo wake wa kuona hufifia. Udhaifu huo hutibika vizuri zaidi mtoto akiwa bado mdogo, kwa miwani na kwa kuziba jicho lenye nguvu. Lakini misuli ni habari nyingine. Kila jicho lina misuli 6 ya kuligeuza, nayo inaweza kurekebishwa ukiwa na miaka 30, 50, hata 70. Kwa hiyo jicho langu linaweza kunyooshwa, ila nguvu lililopoteza utotoni hazitarudi, na miwani nitaendelea kuivaa. Mama nimemweleza mara nyingi, kwa sababu yeye alitumaini kwamba nitaona upya.

"Wanalitoa jicho, wanalirudisha." Hapana. Jicho linabaki mahali pake. Daktari anapasua kidogo ule utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho, anaufikia msuli, kisha anausogeza nyuma ili ulegee au anaufupisha ili uvute zaidi. Usoni hakuna kovu. Mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo, jicho likiwa jekundu, na wekundu huo huchukua wiki kadhaa kuisha. Upasuaji huu si wa jana: daktari mpasuaji Johann Friedrich Dieffenbach aliufanya Berlin mwaka 1839.

"Utaona vitu viwili viwili hadi kufa." Hapa naomba tusikimbie, maana hofu hii ina msingi. Aliyepata makengeza ukubwani kwa kawaida tayari anaona viwili, na kwake operesheni mara nyingi ndiyo inayomwondolea shida hiyo. Sisi wa tangu utotoni ni tofauti: ubongo wetu ulishazoea kuipuuza picha ya jicho lililopinda. Likinyooshwa, picha hiyo inaweza kuanza kuonekana tena, na mtu akaona viwili kwa siku au wiki chache. Wachache sana hubaki hivyo. Uzuri ni kwamba hatari hiyo inaweza kupimwa mapema. Daktari hushika vioo maalumu vinavyopinda mwanga mbele ya jicho na kukuuliza unaona nini. Kuna pia sindano ya botoksi, inayolegeza msuli kwa miezi michache ili ujionee jicho likiwa limenyooka. Wengi wanaijua kwa makunyanzi, lakini Marekani iliiidhinisha mwaka 1989 kwa ajili ya makengeza na mikazo ya kope. Mimi sitakubali kupasuliwa kabla ya kupimwa hivyo.

"Ni urembo tu." Mjomba alisema hivi mezani, nami niliumia. Kurudisha jicho mahali pake si kujipamba. Wapo watu wazima ambao baada ya operesheni huweza tena kuyatumia macho mawili pamoja, na ambaye jicho lake liligeukia ndani hupata kuona zaidi upande wa nje. Hata kama ningepata tu kumtazama mtu usoni bila yeye kugeuka kuangalia nyuma yake, hilo lingenitosha.

Mtu asidhani pia kwamba ni mara moja na basi. Wengine huhitaji operesheni ya pili, pengine baada ya miaka mingi. Maambukizi makali au kupoteza uwezo wa kuona hutokea kwa nadra sana, lakini ni haki yako kuuliza.

Jambo moja halisubiri kabisa: makengeza yanayomjia mtu mzima ghafla. Huo si upepo wala vumbi. Huenda ni kisukari, presha, au tatizo la mishipa ya fahamu au ubongo. Kope ikianguka, kichwa kikiuma sana, au mboni moja ikipanuka, nenda hospitali saa hiyohiyo.

"Mama yako alimcheka mwenye makengeza akiwa na mimba." Mama ameubeba mzigo huu miaka 33. Makengeza yanaweza kufuata ukoo, na kwa watoto wengi huletwa na macho yanayojikaza sana ili kuona karibu. Kicheko hakimo.

Jumatatu naenda kwa daktari wa macho. Picha za zamani humsaidia kujua jicho lilianza kupinda lini, kwa hiyo mama amefungua sanduku lake. Ametoa moja ya Pasaka. Nimekaa mapajani mwake, nina miaka 2, na macho yangu yote mawili yanamtazama mpiga picha.