Je, Wajua Jinsi Mtoto Aliyepooza Mguu Alivyokuja Kuwa Mwanamke Mwenye Mbio Kuliko Wote Duniani?

Mnamo Septemba 1960, katika Michezo ya Olimpiki iliyofanyika Roma, Mmarekani mwenye umri wa miaka 20 aliyeitwa Wilma Rudolph alishinda mbio za mita 100, za mita 200 na zile za kupokezana vijiti, akawa mwanamke wa kwanza wa Marekani kutwaa medali tatu za dhahabu za riadha katika Olimpiki moja. Miaka 15 tu kabla ya siku hizo, mwanamke huyo alikuwa mtoto aliyepooza mguu wa kushoto kwa polio, na daktari alikuwa ameiambia familia kwamba asingetembea tena. Wengi husimulia habari hii kama muujiza na kuishia hapo. Naona kwamba neno hilo, ingawa hutamkwa kwa nia njema, linawanyima sifa watu waliomfikisha Wilma pale alipofika, kwa kuwa karibu kila hatua ya safari yake inaelezeka: iko sayansi ya mwili, iko kazi ya mikono ya mama yake, na ziko taasisi za watu weusi zilizofanya yale ambayo wengine walikataa kuwafanyia.

Wilma alizaliwa tarehe 23 Juni 1940 huko St. Bethlehem, karibu na mji wa Clarksville katika jimbo la Tennessee. Alikuwa njiti, mwenye uzito wa kilo 2 hivi, na alikuwa mtoto wa 20 kati ya watoto 22 ambao baba yake, Ed, aliwapata katika ndoa mbili. Ed alikuwa mchukuzi wa mizigo katika shirika la reli, na mama yake, Blanche, alifanya kazi za ndani katika nyumba za wazungu. Katika miaka yake ya mwanzo mtoto huyo aliugua nimonia ya mapafu yote mawili na homa ya vipele vyekundu, kisha alipokuwa na umri wa miaka minne au mitano akapatwa na polio. Chanjo ya kwanza ya ugonjwa huo ilikuja mwaka 1955, yaani miaka kumi hivi baadaye.

Ili kuelewa alivyopona, ni lazima kwanza kuelewa polio hufanya nini mwilini. Virusi vyake huingia kwa njia ya mdomo, mara nyingi kupitia maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi, vikazaliana katika utumbo. Watu wengi walioambukizwa hawaoni dalili yoyote ya maana. Ni takriban mmoja kati ya 200 ambaye hupatwa na ulemavu wa kudumu. Kwa huyo mmoja, virusi hufika kwenye uti wa mgongo na kuua seli za fahamu zinazopeleka amri kwenye misuli. Msuli wenyewe haukuguswa, lakini haupokei tena amri yoyote, kwa hiyo hulegea na kisha kusinyaa. Baada ya muda viungo hukakamaa, kano hujikaza, na mguu wa mtoto ambaye bado anakua unaweza kupinda, kwani misuli iliyobaki na nguvu huvuta upande wake bila kupingwa na ile iliyopooza.

Seli ya fahamu iliyokufa haifufuki. Hata hivyo, seli nyingine zinaweza kuwa zimesalimika, na seli hizo huanza kuchipusha matawi mapya yanayoifikia misuli iliyopoteza seli zake, zikaichukua na kuilea, kama ndugu wanavyogawana watoto wa marehemu. Seli moja inaweza kuja kuhudumia nyuzi za msuli mara kadhaa zaidi ya zile ilizokuwa ikihudumia awali. Jambo hili hutokea zaidi katika miezi ya mwanzo baada ya kuugua, na huweza kuendelea kwa mwaka mmoja au miwili. Ni hapo ambapo matunzo huwa na uzito mkubwa, kwa sababu amri zitakaporudi zitahitaji kuukuta msuli ambao haujasinyaa kabisa na kiungo ambacho bado kinakunjuka.

Kwa miaka mingi madaktari walifanya kinyume cha hayo. Waliufunga mguu uliopooza kwa plasta ngumu au vibao kwa miezi mingi wakidhani kwamba wanauzuia usipinde, na kwa kufanya hivyo waliuongezea udhaifu. Muuguzi wa Australia, Elizabeth Kenny, ndiye aliyepinga mtindo huo kwa sauti kubwa kuliko wengine; alifika Marekani mwaka 1940 akifundisha kwamba mguu ufunikwe kwa vitambaa vya sufu vya moto, unyooshwe na kuchezeshwa, na mgonjwa mwenyewe afundishwe upya kuutumia. Wakati Wilma alipougua, mawazo hayo yalikuwa yameanza kukubalika katika hospitali za nchi hiyo.

Tatizo ni kwamba si kila mgonjwa aliruhusiwa kuingia katika hospitali hizo. Tennessee ilikuwa chini ya sheria za ubaguzi wa rangi, na huko Clarksville matibabu kwa watu weusi yalikuwa haba mno. Mahali palipoweza kumpokea Wilma palikuwa Meharry, chuo cha tiba kilichoanzishwa mwaka 1876 katika mji wa Nashville ili kusomesha madaktari weusi, ambacho kilikuwa na hospitali yake. Nashville iko umbali wa kilomita 80 hivi kutoka Clarksville. Kila wiki, kwa muda wa miaka miwili hivi, Blanche alimpandisha mwanawe basi, wakakaa viti vya nyuma kama sheria ilivyowalazimisha, wakaenda kwa ajili ya tiba ya joto, maji na kukandwa, kisha wakarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Safari moja kwa wiki isingetosha, na madaktari wa Meharry walilijua hilo. Walimfundisha Blanche namna ya kuukanda mguu, naye akawafundisha watoto wake wakubwa, na tangu hapo mguu wa Wilma ukawa unakandwa nyumbani mara nne kwa siku, kwa zamu. Ni vyema kueleza kwa uangalifu faida ya kazi hiyo. Kukanda hakurudishi uhai wa seli iliyokufa, wala hakuna mkono unaoweza kuotesha mshipa wa fahamu. Kinachofanyika ni kwamba misuli iliyokaza hulegezwa, viungo huzuiwa visikakamae, na mguu hubaki tayari kwa matumizi wakati matawi mapya ya fahamu yanapowasili. Yapo pia matunzo ya aina nyingine ndani yake, kwa maana mtoto anayeshikwa mguu mara nne kwa siku na watu wanaoamini kwamba utapona hujifunza kuutazama mguu huo kuwa bado ni wake. Wilma alipokuwa mtu mzima alisema kwamba daktari wake alimwambia hatatembea tena, mama yake akamwambia atatembea, naye akamwamini mama yake.

Haimaanishi kwamba watoto waliobaki na ulemavu walikosa mama hodari. Mtoto ambaye virusi vimemuulia seli nyingi mno za uti wa mgongo hapati tena nguvu hata akikandwa usiku na mchana. Wilma alikuwa na bahati ya kubakiwa na seli za kutosha. Familia yake ilihakikisha kwamba bahati hiyo haipotei.

Alianza shule akiwa na umri wa miaka 7, akiwa bado amevaa chuma cha kuutegemeza mguu. Alipofikia miaka 9 hivi alikuwa akiweza kukivua, na baada ya hapo alivaa kiatu maalumu kwa muda, hadi alipofika miaka 12, ambapo alitembea kama watoto wengine. Kilichofuata ni mchezo. Nyumbani kwao kulikuwa na kaka waliocheza mpira wa kikapu, naye akaingia kati yao kwa ari ya mtu aliyekaa muda mrefu akitazama wengine wakikimbia. Katika shule ya sekondari ya Burt, iliyokuwa ya watu weusi, alichezea timu ya kikapu, na kocha wake, Clinton Gray, akambandika jina la utani lenye maana ya mbu kwa jinsi alivyokuwa mwembamba, mrefu na asiyetulia. Alipokomaa kimo chake kilifikia sentimita 180 hivi, na miguu mirefu ya namna hiyo, ikipata nguvu na mwendo wa haraka, humpa mkimbiaji wa mbio fupi hatua ndefu ambazo wapinzani wafupi hulazimika kuzilipa kwa hatua nyingi zaidi.

Kimo, hata hivyo, hakimfundishi mtu kuanza mbio, kupinda kona wala kupokea kijiti. Katika mashindano ya Tuskegee, jimboni Alabama, Wilma alishindwa katika kila mbio aliyokimbia, na kwa maelezo yake mwenyewe hapo ndipo alipotambua kwamba kipaji alichokuwa akikitegemea shuleni hakitoshi mbele ya wasichana waliofundishwa. Aliyemfundisha alikuwa Ed Temple, mwalimu wa sosholojia na kocha wa riadha wa wanawake katika chuo cha Tennessee State huko Nashville, ambaye alimwona mara ya kwanza katika mechi ya mpira wa kikapu aliyokuwa akiichezesha kama mwamuzi. Temple alimwalika kwenye mazoezi yake ya majira ya joto akiwa bado mwanafunzi wa sekondari.

Mtu huyu anastahili kukumbukwa zaidi ya anavyokumbukwa sasa. Alifundisha katika uwanja wa udongo, kwa fedha kidogo sana, na wanariadha wake walifanya kazi chuoni ili kujilipia masomo. Timu iliposafiri kwenda kwenye mashindano ya majimbo ya kusini, wasichana walibeba chakula chao kwa sababu migahawa ya njiani haikuwahudumia watu weusi. Kutokana na mazingira hayo Temple aliwatoa wanariadha 40 wa Olimpiki, ambao kwa pamoja walipata medali 23, na kati ya hizo 13 zilikuwa za dhahabu. Ukitazama hesabu hiyo, utaona kwamba Wilma hakuwa nyota iliyodondoka peke yake kutoka mbinguni. Alikuwa tunda bora la mti uliokuwa ukizaa kila msimu.

Mwaka 1956, akiwa na miaka 16, alikwenda kwenye Olimpiki ya Melbourne. Katika mita 200 aliishia kwenye mchujo, lakini alirudi na medali ya shaba ya kupokezana vijiti. Miaka miwili baadaye alijifungua binti, na Temple, aliyekuwa na kanuni ya kutowapokea wasichana wenye watoto, alimkubali katika timu ya chuo huku familia ya Wilma ikibeba mzigo wa kumlea mtoto. Mnamo Julai 1960, huko Corpus Christi, Texas, alikimbia mita 200 kwa sekunde 22.9 na kuweka rekodi ya dunia.

Huko Roma, katika nusu fainali ya mita 100, aliifikia rekodi ya dunia ya sekunde 11.3. Fainali aliikimbia kwa sekunde 11.0, lakini muda huo haukuandikwa kuwa rekodi kwa sababu upepo wa mgongoni ulizidi kiwango kinachoruhusiwa cha mita 2 kwa sekunde. Mita 200 alizimaliza kwa sekunde 24.0, mbele ya Jutta Heine wa Ujerumani. Katika mbio za vijiti wakimbiaji wote wanne wa Marekani, yaani Martha Hudson, Lucinda Williams, Barbara Jones na Wilma mwenyewe, walikuwa wa Temple. Katika nusu fainali waliweka rekodi ya dunia ya sekunde 44.4. Katika fainali kijiti nusura kiwaponyoke Lucinda na Wilma walipokuwa wakipokezana, na Wilma akalazimika kumfukuza Heine, akampita na kumaliza wa kwanza. Waitaliano walimwita swala mweusi. Ilikuwa ndiyo Olimpiki ileile ambayo Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni bila viatu.

Mji wa Clarksville ulipotaka kumfanyia mapokezi, yalipangwa kwa desturi ya siku hizo ya kutenganisha weusi na weupe. Wilma alikataa kuhudhuria kwa namna hiyo, na kwa kuwa mapokezi bila mwenyewe yasingekuwa na maana, viongozi walikubali. Tarehe 4 Oktoba 1960 watu wa rangi zote walisimama pamoja barabarani na kula pamoja ukumbini, na tukio hilo huhesabiwa kuwa la kwanza la hadhara mjini humo kufanyika bila utengano. Kwangu mimi hili lina uzito usiopungua ule wa medali yoyote aliyoivaa, kwani binti ambaye mama yake alilazimika kumpeleka kilomita 80 kutafuta hospitali alikuwa sasa anauwekea masharti mji uleule.

Mwaka 1961, huko Stuttgart, alikimbia mita 100 kwa sekunde 11.2, ikawa rekodi nyingine ya dunia. Mwaka uliofuata akastaafu akiwa na miaka 22 tu, kwa hoja kwamba kwenda Olimpiki ya 1964 na kurudi na medali chini ya tatu kungeonekana kuwa ni kushindwa. Kanuni za wakati huo hazikuwaruhusu wanariadha wa Olimpiki kulipwa kwa kukimbia, kwa hiyo umaarufu wake haukumletea utajiri. Mwaka 1963 alihitimu shahada ya ualimu katika chuo cha Tennessee State, akarudi Clarksville kufundisha shule ya msingi, na katika sekondari ya Burt akawa kocha wa mbio wa wasichana.